Mbwa wa Mbio Akipata Nyumba

Yuko mbwa anayeweza kukimbia mita 480 kabla hujamaliza kuhesabu hadi thelathini. Mbwa huyohuyo, mpeleke mbele ya ngazi za nyumba ya kawaida, atasimama pale akitetemeka, asijue atangulize mguu gani. Mlango wa kioo ataugonga kwa pua, maana haoni kama kuna mlango. Mashine ya kufulia ikianza kunguruma, atajibanza nyuma ya kochi. Usimcheke, wala usiseme ni mwoga. Tangu utotoni amefundishwa kazi moja tu, na kazi hiyo haikuwa kuishi na watu nyumbani.

Sogeeni, wanangu, niwaeleze habari za mbwa huyu: anatoka wapi, kitu gani humtisha, na watoto wa rika lenu wanawezaje kumsaidia awe mmoja wa familia.

Anaitwa greihaundi. Ni mrefu, mwembamba, kifua kipana, tumbo limeingia ndani, mapaja yamejaa misuli. Akitimua mbio, miguu yake yote minne huachana na ardhi mara mbili katika kila hatua: mara ya kwanza akiwa amejikunja, mara ya pili akiwa amejinyoosha. Ndiyo maana anaweza kupita kilomita 60 kwa saa. Mbwa wengine wengi hutegemea pua zaidi wanapowinda. Greihaundi hutegemea macho. Kitu kidogo kikichomoka mbali uwanjani, yeye amekwisha kukiona.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walimtumia kuwinda sungura. Kisha mwaka 1919, Mmarekani mmoja, Owen Patrick Smith, alifungua uwanja huko Emeryville, California, ambako mbwa walimkimbiza sungura wa bandia aliyevutwa kwa mashine. Smith alikuwa amechukizwa kuona sungura wa kweli wakiraruliwa kwa ajili ya mchezo. Tarehe 24 Julai 1926 mashindano hayo yakaingia Uingereza, katika uwanja wa Belle Vue mjini Manchester, na haukupita muda viwanja vikawa vinafurika watu jioni, wengi wao wakicheza kamari.

Huko Uingereza mbwa sita huingizwa kila mmoja katika kisanduku chake, akiwa amevaa fulana ya rangi ya namba yake: moja nyekundu, mbili buluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano ya chungwa, sita milia ya nyeusi na nyeupe. Sungura wa bandia anapita, milango inafunguka kwa mpigo mmoja, mbwa wanachomoka. Nusu dakika, mambo yamekwisha.

Wachache walipata sifa kubwa. Mick the Miller, mbwa aliyezaliwa Ireland, alishinda mashindano makuu ya Uingereza mwaka 1929 na tena 1930, akaigiza hata katika filamu. Alipokufa mwaka 1939 mwili wake ulihifadhiwa, na hadi leo wageni humwona katika jumba la makumbusho la mji wa Tring, Uingereza. Lakini kwa kila bingwa mmoja wako maelfu wasiojulikana na mtu. Hao ndio ninaotaka muwafikirie.

Mbwa wa mbio hakimbii maisha yake yote. Wengi huacha uwanja wakiwa na miaka minne au mitano, wengine mapema zaidi, kwa kuvunjika mguu au kwa sababu tu hawana kasi ya kutosha. Na greihaundi anaweza kuishi miaka 12 au zaidi. Maana yake ni kwamba kazi ikiisha, sehemu kubwa ya umri wake bado iko mbele. Zamani wengi waliuawa, kwa kuwa mwenye mbwa aliona hana faida naye tena. Watu wenye huruma hawakukubali. Mwaka 1975 Waingereza walianzisha shirika la kuwatafutia makazi mbwa waliostaafu, na mashirika ya namna hiyo yakafuata Marekani, Australia na kwingineko. Jimbo la Florida lilipiga kura mwaka 2018 kukomesha mbio hizo, na mwisho wa 2020 viwanja vyake vikaacha kabisa. Desemba 2024 serikali ya New Zealand nayo ikatangaza kwamba itazimaliza. Kila uwanja unapofungwa, mamia ya mbwa huhitaji mlango wa kuingia.

Basi mbwa anaingiaje katika mlango huo? Ili mwelewe vizuri, tumfikirie mmoja. Tumwite Mshale. Mshale nimembuni mimi, ila kila kitakachompata hapa huwapata greihaundi wa kweli. Amezaliwa Ireland, kama walivyozaliwa wengi wanaokimbia Uingereza. Masikioni ana herufi za wino alizochanjwa akiwa mdogo, ili atambulike uwanjani. Ameshindana mjini Sheffield mpaka alipotimiza miaka minne. Sasa familia moja ya mji huo imemchukua: mama, baba, binti wa miaka kumi na mdogo wake wa kiume wa miaka saba.

Kabla ya kumfundisha chochote, familia inapaswa kujua alivyoishi. Mshale alilala kwenye banda lenye vizimba vingi, karibu na mbwa wenzake. Usiku mzima alisikia pumzi zao. Aliamshwa saa ileile kila siku, akatolewa uani kujisaidia, akalishwa, akafanyishwa mazoezi, akarudishwa kulala. Alipokuwa na wenzake uani alivaa kikapu chepesi mdomoni ili wasijeruhiane. Hakuwahi kuona runinga, wala kioo cha kujitazamia, wala zulia, wala mtoto anayekimbia sebuleni akipiga kelele. Na hakuwahi hata siku moja kukaa peke yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa namna hii, wanangu, muongezeeni siku. Jembe lake amelishika miaka yote alipokuwa uwanjani. Watu wanaowapatia mbwa makazi mapya wana hesabu yao wanayopenda kuitaja: siku tatu za kutulia roho, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Hesabu hiyo si amri. Mbwa mmoja hucheka na watu siku ya pili, mwingine huhitaji mwaka. Inatusaidia kwa jambo moja: inatuzuia kumhukumu mapema.

Siku ya kwanza Mshale apelekwe uani moja kwa moja, kabla ya kuingia ndani, ajisaidie na kunusa. Kisha aonyeshwe chumba kimoja, si nyumba nzima. Godoro lake liwe kwenye kona asikopita mtu. Marafiki na majirani wanaotaka kumwona wasubiri. Chakula kiwe kilekile alichokula bandani, na kama ni lazima kubadilisha, kichanganywe kidogokidogo kwa wiki moja hivi, la sivyo tumbo litamharibika.

Na watoto wafanye nini? Kazi yao ya siku hiyo ni ngumu kuliko zote: wakae sakafuni, wasimwite, wasimkimbilie, wasimkumbatie. Wasome vitabu vyao. Mshale ataondoka godoroni akiwa tayari, atanyosha shingo, atanusa viatu, atanusa mikono. Akirudi zake alale, wamwache aende. Mbwa anayeruhusiwa kuondoka hujifunza kwamba hakuna hatari, na atarudi mwenyewe.

Sheria moja isivunjwe hata kidogo: mbwa aliyelala haguswi. Bandani hakuna aliyewahi kumkanyaga usingizini wala kujilaza ubavuni mwake. Wapo greihaundi wanaolala macho wazi, ukadhani wako macho kumbe wako mbali ndotoni. Mtoto akimwinamia ghafla, mbwa anaweza kushtuka, akanguruma au akauma kabla hajajua ni nani. Kwa hiyo simama mbali, mwite jina mpaka ainue kichwa, halafu mwalike aje kwako. Na akinguruma, usimwadhibu. Kunguruma ni onyo analokupa ili asilazimike kuuma. Ukimnyamazisha leo, kesho anaweza kuuma bila onyo.

Sasa tuje kwenye ngazi, maana hapa ndipo watu wengi hukosa subira. Mshale anaziona ngazi kumi na tatu za kupandia vyumbani. Anaweka mguu mmoja wa mbele kwenye ya kwanza, anauondoa. Anaweka tena. Miguu ya nyuma imekataa kabisa kusogea. Baba hamburuti kwa kamba. Anapiga magoti nyuma yake ili asianguke, na mama anakaa ngazi ya tatu akiwa na kipande cha kuku wa kuchemsha. Baba anaushika mguu wa kushoto wa mbele, anauweka juu. Kisha wa kulia. Kisha, taratibu, wa nyuma, mmoja mmoja. Mshale anahema, makucha yanakwaruza mbao. Akifika ngazi ya tatu anapewa kuku, na somo linaishia hapo. Kesho watapanda tano. Kushuka ni kugumu zaidi, kwa sababu mbwa huyu akiogopa hupenda kuruka zote kwa mpigo, na akiruka anaweza kuvunjika. Mkono wa mtu ukae kifuani pake mpaka azoee.

Kwa vitu vingine njia ni ileile: kidogo, polepole, na mwisho mwema. Mlango wa kioo ubandikwe karatasi za rangi usawa wa macho yake. Sakafu ya vigae inayoteleza itandikwe mikeka, aone pa kukanyaga. Mashine ya kufyonza vumbi ikae imezimwa sebuleni kwanza, aizunguke na kuinusa, ndipo siku nyingine iwashwe chumba cha mbali. Wala msimlazimishe kukaa kitako kama mbwa wengine. Greihaundi wengi huona taabu kukaa hivyo kwa sababu ya misuli ya mapaja yao. Mfundisheni kusimama akasubiri au kulala chini, inatosha.

Mtauliza, na kujisaidia je? Mbwa wa mbio kwa kawaida hapendi kuchafua pale anapolala, na huo ni mwanzo mzuri. Tatizo ni kwamba hajajua kuwa nyumba nzima ni mahali pa kulala. Atolewe mara anapoamka, anapomaliza kula, kabla ya kulala, na kila baada ya saa chache katikati. Akijisaidia nje, asifiwe palepale na apewe kitu kitamu. Akikosea ndani, pasafishwe kimya. Kumpigia kelele kutamfundisha kukuogopa wewe, na kojo litaanza kupatikana nyuma ya pazia.

Lililo zito kuliko yote ni kubaki peke yake. Hebu fikirieni: miaka minne amelala akisikia wenzake wakipumua, ghafla mlango unafungwa na nyumba iko kimya. Greihaundi wengine hulia, hubweka, hutafuna milango hadi ufizi utoke damu. Huko si kulipiza kisasi, ni hofu. Kwa hiyo familia ianze kumzoesha siku za mwanzo kabisa. Toka nje, funga mlango, hesabu kumi, rudi. Usiage kwa mbwembwe, usirudi kwa shangwe. Baadaye dakika moja. Baadaye tano. Baadaye nenda mpaka duka la jirani. Akianza kulialia, mmeruka hatua, rudini nyuma. Redio ya sauti ndogo na kipande cha mpira kilichojazwa chakula ndani humsaidia. Kwa siku nyingi mazoezi haya yatafanyika kwa subira, mpaka Mshale aamini kwamba wanaoondoka hurudi.

Halafu kuna sungura. Mbio zimekwisha, lakini hamu ya kukimbiza bado iko katika damu yake. Paka akikatiza barabara, au mbwa mdogo mwenye manyoya meupe akikimbia bustanini, macho ya Mshale yatamwambia kimbia, na masikio yake hayatasikia jina lake tena. Kwa hiyo nje ya uzio hatolewi bila kamba, hata awe mtiifu vipi nyumbani. Mkanda wa shingo nao uwe wa aina yake. Shingo ya greihaundi inakaribia unene wa kichwa, hivyo mkanda wa kawaida huchomoka akirudi kinyumenyume. Anahitaji mkanda mpana, unaokaza kidogo tu anapovuta. Kama nyumbani kuna paka, wakutanishwe siku nyingi kwa uangalifu, mbwa akiwa na kamba na kile kikapu chake mdomoni. Baadhi ya greihaundi huishi na paka kwa amani. Wengine hawataweza kamwe, na mashirika mazuri huwapima kabla ya kuwatoa ili kila mmoja aende nyumba inayomfaa.

Mwili wake pia una mambo yake. Ngozi ni nyembamba na mafuta ni kidogo, kwa hiyo baridi ya Sheffield inampata kweli, na koti la mbwa wakati wa kipupwe si pambo. Godoro nene linamlinda asipate vidonda kwenye viwiko. Meno yake huoza haraka, yapigwe mswaki. Na daktari wa wanyama lazima aambiwe kuwa huyu ni greihaundi, kwani zipo dawa za nusukaputi ambazo mwili wake hukawia sana kuziondoa kuliko wa mbwa wengine. Watoto nao wakumbuke kwamba chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwa mbwa wote.

Watu wengi hudhani mbwa wa kasi hivi atahitaji kukimbizwa kutwa. Hapana. Matembezi mawili kwa siku, ya nusu saa hivi, humtosha mmoja aliye mzima. Saa nyingi zinazobaki atalala, na kulala anakujua. Akishazoea, mtamkuta chali, miguu minne juu, shingo imepinda upande, mdomo wazi. Mbwa mwenye hofu hawezi kulala hivyo. Mkimwona amelala chali, jueni kazi yenu imezaa matunda.

Ana namna nyingine za kusema amefurahi. Husimama karibu nawe akakuegemea kwa uzito wake wote, hata mtoto akayumba. Hugonganisha meno tatatata kamba inapochukuliwa ukutani. Siku moja, bila kutarajiwa, Mshale atatoka uani na kuanza kukimbia kwa mizunguko, masikio yamelala nyuma, bila sungura, bila kisanduku, bila mtu aliyeweka pesa. Atakimbia kwa sababu anapenda. Wakati huo watoto wasimame pembeni wamwachie nafasi.

Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mambo mengi ni kweli, lakini msiichukue methali hiyo kuwa hukumu juu ya mnyama mzima. Mbwa wa miaka minne aliyejifunza kusimama kimya ndani ya kisanduku chenye giza huku umati unapiga makelele nje ameonyesha kuwa ana akili na uvumilivu. Kilichobaki ni somo jipya na mwalimu mpole.

Nasi huku Afrika Mashariki tunao mbwa wa kazi. Wapo wa kikosi cha polisi cha mbwa na farasi Tanzania. Wapo wanaonusa pembe za ndovu katika bandari ya Mombasa. Wapo wanaofuata nyayo za majangili mbugani. Na wapo wengi zaidi wanaolinda maboma yetu, ambao mwenyewe akihama huachiwa mtu mwingine. Wote huzeeka, na baadhi yao siku moja huingia nyumba ngeni.

Ikitokea nyumba hiyo ni ya kwenu, ulizeni mambo matatu kabla ya kumpa mbwa amri ya kwanza. Alikuwa akilala wapi, na nani? Alifundishwa kazi gani? Na vitu gani hapa kwetu hajawahi kuviona? Mkiyajua majibu, mengi anayofanya yataacha kuwaudhi, na mtajua pa kuanzia. Mnyama huyu alifanya kazi aliyopewa na binadamu, na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Kumfundisha maisha mengine, kwa mwendo anaouweza yeye, ni haki yake tunayomlipa.